Bwawa la Wote: Maswali ya Wanaojitolea Kulitunza

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa namna moja. Si mafundi, si wenye hoteli. Ni wakazi wa majengo, walimu na wazazi ambao siku moja walikabidhiwa bwawa la kuogelea la watu wengi pamoja na ufunguo wa stoo, basi. Kabla ya kuingia kwenye maswali, shikeni hesabu moja tu: gramu 1 ya kitu katika mita moja ya ujazo (lita 1,000) ni miligramu 1 kwa lita. Ukiijua hiyo, dozi nyingi zilizo humu utazikokotoa mwenyewe bila kumuuliza muuza dawa.

Jengo letu lina nyumba 24. Mtunza bwawa ameacha kazi, na hadi kamati ipate mwingine tumejitolea wanne: mwalimu mstaafu, mama mmoja mfanyabiashara, kijana wa chuo na mimi. Hakuna aliyesomea kazi hii. Tugawaneje zamu?
*Mkazi wa Mbezi Beach, Dar es Salaam*

Msigawane siku, gawaneni kazi. Mkigawana siku, wa Jumatatu atatia klorini, wa Jumanne ataona maji yamefifia na kutia tena, na ikifika Jumatano hakuna anayejua bwawani mna nini. Kazi ni nne na ninyi mko wanne.

Wa kwanza ni mpimaji, na huyo ndiye mkubwa wenu. Mwalimu mstaafu anafaa, maana kazi inataka mtu wa saa ileile kila siku. Wa pili ni mtia dawa, ambaye hagusi kopo kabla ya kusoma daftari. Wa tatu ni wa pampu na filta. Wa nne ana stoo, neti, brashi na vikapu. Katika kila kundi yumo mtu mwenye haraka. Huyo msimpe klorini, mpeni neti.

Anzeni kwa kutafuta ujazo. Urefu mara upana mara kina cha wastani. Bwawa la mita 10 kwa 4, lenye kina cha mita 0.9 upande wa watoto na 1.6 upande wa pili, lina wastani wa 1.25, hivyo ujazo wake ni mita 50 za ujazo, yaani lita 50,000. Andikeni namba yenu kwa rangi ukutani mwa stoo. Chini yake andikeni dozi. Kwa bwawa la lita 50,000, kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita kunataka gramu 77 za klorini ya unga ya 65%, au lita 1.4 za klorini ya maji ikiwa lebo inasema 3.5%. Hiyo ya maji hupungua nguvu ikikaa kwenye joto, kwa hiyo nunueni ya mwezi mmoja tu na muiweke kivulini.

Vifaa vya kupimia ndipo pa kutoa pesa. Kile kipimo cha matone kinachogeuza maji kuwa ya njano kinaonyesha klorini yote kwa jumla, nzima na iliyokwisha kazi, na hakiwezi kuzitenganisha. Tafuteni kipimo cha unga wa DPD cha kuhesabu matone. Unachukua mililita 10 za maji, unatia unga, maji yanakuwa ya waridi, kisha unadondosha tone moja moja huku ukitikisa mpaka rangi ipotee ghafla. Kila tone ni miligramu 0.5 kwa lita. Matone 8 ni klorini huru (ile nzima) 4. Baada ya hapo tia dawa ya pili ya kipimo hichohicho: rangi ikirudi, ipo klorini iliyofungwa (ile iliyokwisha kazi), na mnaihesabu kwa namna ileile. Maji ya kupima yachotwe kina cha kiwiko, mbali na midomo inayorudisha maji bwawani, na kichupa kisuuzwe kwanza kwa maji yaleyale ya bwawa mara tatu.

Klorini na pH (uchachu wa maji) hupimwa kila siku, ualkali (bikaboneti iliyo majini) mara moja kwa wiki, stabilaiza (dawa inayoikinga klorini na jua) mara moja kwa mwezi. Saa nzuri ni magharibi, jua likishatua, kwa sababu dawa itakayotiwa hapo ina usiku mzima wa kufanya kazi bila kuunguzwa na jua. Mstari mmoja wa daftari uwe hivi: *Jumanne, saa 12 na nusu jioni, klorini huru 2.5, iliyofungwa 0, pH 7.6, presha ya filta 12, unga umetiwa gramu 190, jina.* Msomaji wa mstari huo, akijua kwamba kwa kipimo cha mwezi stabilaiza yao ni 40 na wanalenga klorini 5, anaelewa kila kitu: wamepungukiwa na 2.5, na 2.5 mara 77 ni 190 na kitu. Asiyeandika, kazi yake ihesabiwe haikufanyika.

Stoo ina sheria chache zisizo na mjadala. Klorini ya unga na vidonge vya klorini ni dawa mbili tofauti ambazo zikikutana huweza kuwaka na kulipuka. Zisitumie kijiko kimoja wala kikapu kimoja cha kuelea, hata kama kikapu kinaonekana kitupu na kikavu. Asidi ikae chumba kingine, maana mvuke wake ukifikia klorini hutoka gesi inayochoma mapafu. Siku zote dawa ndiyo inayotiwa kwenye ndoo ya maji. Maji hayamwagwi juu ya dawa. Glavu, miwani, mlango wazi. Na msimtume askari wa getini akawamwagie dawa kwa sababu tu yuko karibu. Hajasoma daftari, na kifua chake ni sawa na chenu.

La mwisho kwa mtu wa tatu: kila asubuhi atazame kifuniko cha tundu la kunyonyea lililo sakafuni mwa bwawa. Kikiwa kimepasuka, kimelegea au hakipo, pampu izimwe na bwawa lifungwe papo hapo. Tundu hilo hunasa nywele na hata mwili wa mtoto, na nguvu za mtu mzima hazitoshi kumvuta.

Bwawa letu ni la lita 75,000. Kila wiki twatia vidonge vitano vya gramu 200, na hatujaruka hata wiki moja tangu miezi mitano iliyopita. Sasa maji yamekuwa kijani na kuta zateleza. Tumepima, klorini ipo 3. Mwenye duka asema tuongeze vidonge. Kosa liko wapi?
*Wanakamati wa bwawa, Nyali, Mombasa*

Kosa liko ndani ya kidonge chenyewe, na mkiongeza vidonge mtaongeza kosa. Vidonge hivyo (traikloro) havina klorini peke yake. Kila mkitia klorini miligramu 10 kwa lita kwa njia ya vidonge, mmetia pia stabilaiza, yaani asidi ya sayanuriki, miligramu 6. Stabilaiza ni kitu chema kwa kiasi. Bila hiyo, jua la Pwani huimaliza klorini karibu yote kwa saa chache. Lakini huishika klorini na kuipunguzia makali, na tofauti na klorini, haiishi. Haipandi na mvuke, hailiwi na mwani. Hutoka pale tu maji yanapotoka.

Tufanye hesabu yenu. Vidonge vitano vya gramu 200, vyenye nguvu ya 90%, ni gramu 900 za klorini. Gawanya kwa mita 75 za ujazo: miligramu 12 kwa wiki. Pamoja nazo imeingia stabilaiza 7.2. Kwa wiki ishirini ni 144. Maji yanayotoka mkiosha filta yamepunguza kidogo, lakini bado mko karibu na 140. Kanuni ya kazi ni kwamba klorini huru isipungue asilimia 7 na nusu ya stabilaiza. Kwa 140 mlihitaji angalau klorini 10 kila siku. Hiyo 3 yenu ipo kwenye kipimo tu, mwani hauitambui.

Hakikisheni kwanza. Kipimo cha stabilaiza ni kichupa chenye nukta nyeusi chini: mnachanganya maji ya bwawa na dawa yake nusu kwa nusu, yanakuwa kama maziwa mepesi, kisha mnamimina polepole mpaka nukta isionekane. Simameni nje mchana, jua likiwa mgongoni na kichupa kikiwa kwenye kivuli chenu. Ikiwa nukta inapotea mapema, kabla maji hayajafika alama ya 100, changanyeni maji ya bwawa na ya bomba nusu kwa nusu, mpime upya, jibu mzidishe mara mbili. Wengi huishia kusema "ni 100" kwa sababu alama ya mwisho ni 100, kumbe ni 200.

Kisha punguzeni maji, lakini msilimwage bwawa lote. Karibu na bahari, na hasa wakati wa masika, maji ya ardhini huwa juu. Bwawa tupu huweza kusukumwa kutoka chini, likapasuka au kuinuka zima kama mtumbwi. Toeni theluthi moja (lita 25,000), jazeni, washeni pampu saa kadhaa yachanganyike, kisha rudieni. Mara tatu zitawashusha kutoka 140 hadi kama 41. Maji ya kumwaga yaacheni kwanza siku mbili tatu juani bila dawa mpaka klorini iwe sifuri, na yaende kwenye shimo la maji machafu, si kwenye shamba la jirani wala ufuoni.

Sasa mwani. Stabilaiza ikiwa 40, kiwango cha kuua ni klorini 16. Shusheni pH hadi 7.2 kabla ya kuanza, kwa kuwa klorini ikipita 10 kipimo cha pH hudanganya. Jioni, gramu 1,850 za klorini ya unga ya 65%, zikitoka kwenye maji yasiyo na klorini kabisa. Ikiwa kipimo kinaonyesha 3, toeni 3 kwenye 16 na mkokotoe upya. Gaweni katika ndoo tatu nne za lita 10 zenye maji, korogeni, acheni chokaa nyeupe itulie chini, mimineni yale maji ya juu mbele ya midomo inayorudisha maji huku pampu ikienda. Pigeni brashi kuta zote, ngazi, nyuma ya ngazi na ndani ya skima (kile kisanduku cha ukutani kinachonyonya maji ya juu). Nyuma ya ngazi ndiko mwani unakojificha, na ndiko kila mtu anakosahau.

Hapo ndipo kazi inapoanza, si inapoisha. Mwani unakula klorini, kwa hiyo pimeni baada ya saa mbili au tatu na mrudishe hadi 16. Siku ya kwanza mtafanya hivyo mara nne au tano. Pampu isizimwe usiku wala mchana, na filta ioshwe kila presha ikipanda robo juu ya ile ya filta safi. Maji yatatoka kijani, yatakuwa kama uji mwepesi wa kijivu, ndiyo mwani uliokufa, kisha yataanza kung'aa. Wengi huacha kwenye kijivu, na baada ya wiki kijani kimerudi.

Mnaacha pale mambo matatu yanapotimia kwa pamoja. Sakafu inaonekana wazi mpaka kina kirefu. Klorini iliyofungwa haizidi 0.5. Na mkipima usiku jua likishatua, kisha mkapima alfajiri kabla halijachomoza, klorini haijapungua zaidi ya 1. Kipimo hicho cha usiku ndicho hakimu, kwani usiku hakuna jua la kulaumiwa. Kilichokula klorini ni kitu kilicho hai.

Baadaye tumieni klorini ya unga au ya maji kila jioni, na vidonge viwe vya safari tu, wiki mkiwa hampo. Dawa ya mwani yenye shaba msinunue. Shaba ndiyo inayowageuza nywele watoto kuwa kijani, ingawa lawama hubebeshwa klorini, na huacha madoa kwenye plasta.

Maji yetu ni safi ila yananuka klorini sana na watoto wanatoka macho mekundu. Tumepunguza dawa, harufu imezidi.
*Mzazi, Morogoro*

Harufu hiyo si ya klorini nyingi. Ni ya klorini iliyokutana na jasho na mkojo ikafungwa. Mmepunguza ile ambayo ingeiunguza, ndiyo maana imezidi. Pimeni iliyofungwa, ikizidi 0.5, fuateni utaratibu wa Nyali hapo juu, na pH iwe 7.2 hadi 7.8, kwani pH iliyo nje ya hapo huwasha macho hata klorini ikiwa sawa. Kisha wekeni bomba la kuogea kabla ya kuingia, na mwalimu wa kusimamia choo.

Shule yetu imejaza bwawa jipya la lita 100,000 kwa maji ya kisima kirefu. Yalikuwa meupe kabisa. Tulipotia klorini, kabla ya nusu saa yamekuwa kama chai ya rangi. Tumwage?
*Mwalimu wa michezo, Kigamboni*

Msimwage, Mwalimu, kwa sababu mtajaza kwa maji yaleyale. Ni chuma. Ndani ya ardhi chuma kimeyeyuka na hakina rangi. Klorini imekigeuza kuwa kutu laini inayoelea. Jaribuni kwenye ndoo nyeupe: maji ya kisima, klorini kidogo, ngojeni. Yakigeuka, jibu mnalo.

Habari njema ni kwamba kutu inayoelea inaweza kushikwa. Tumieni shabu. Rekebisheni pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, mchukue gramu 40 kwa kila mita ya ujazo, kwenu kilo 4, mziyeyushe kwenye ndoo na kunyunyiza juu ya bwawa zima pampu ikizunguka maji bila kupitia filta. Baada ya dakika kumi na tano hivi zimeni pampu na mtu yeyote asiingie mpaka kesho. Asubuhi mtakuta maji yametakata na zulia la kahawia limelala chini. Zulia hilo linyonywe taratibu kwa vakyumu, mkono wa vali ya filta ukiwa kwenye nafasi ya kumwaga nje moja kwa moja. Likipita kwenye filta, mchanga utashikana kama tofali. Anayenyonya aende kama anayefagia unga. Akikimbia, zulia litainuka na itabidi mngoje siku nyingine.

Shabu hula ualkali, kama miligramu 20 kwa dozi hiyo. Rudisheni kwa magadi soda ya kuokea, gramu 1.7 kwa mita ya ujazo kwa kila miligramu moja, kwenu kilo 3 na nusu hivi. Doa la kahawia likibaki ukutani, bonyezeni juu yake kidonge cha vitamini C kwa nusu dakika: likififia ni chuma, lisipofifia tafuteni sababu nyingine, majani kwa mfano. Na maji ya kuongezea kila wiki, mkiweza, yatoke kwenye boza au bombani.

Tangu tuoshe filta wiki iliyopita, maji yanavuja kidogo kidogo kwenye bomba la kumwaga nje muda wote pampu ikienda. Halafu kuna mchanga mwembamba chini ya midomo ya kurudisha maji. Ni tatizo moja au mawili?
*Mtunza pampu wa kujitolea, Zanzibar*

Mawili, na la kwanza lina dalili zote za mtu kugeuza mkono wa vali huku pampu ikiwaka. Ndani ya vali ile ya njia sita mna mpira wenye umbo la gurudumu la baiskeli, mduara na spoki zake. Mkono ukigeuzwa chini ya presha, mpira huo hung'oka au kukunjika, na maji hupata upenyo wa kwenda nje. Zima pampu, funga vali za kuingiza na kutoa maji, wekeni alama ya kalamu kwenye kifuniko na mwili wa vali ili mrudishe palepale, kisha fungua skrubu. Mara nyingine ni punje za mchanga tu zimekaa chini ya spoki. Safisha na urudishe. Mpira ukiwa umekatika, nunua wa modeli ileile, ukaushe mfereji wake vizuri na uugundishe kwa gundi ya mpira, si ile gundi ya mabomba ya PVC.

Kuhusu mchanga: ukija mara moja tu baada ya kuosha, ni kwa sababu hamkusuuza. Utaratibu ni zima, geuza kwenye kuosha kinyume (bakwoshi ya mafundi), washa dakika mbili hadi tatu mpaka kioo kidogo cha kuonea kionyeshe maji meupe, zima, geuza kwenye kusuuza, washa nusu dakika hadi moja, zima, ndipo urudi kwenye kuchuja. Kwa pampu ya mita 10 za ujazo kwa saa, hapo mmepoteza lita 400 na zaidi, kwa hiyo msioshe kwa mazoea ya kila Jumamosi. Osheni presha ikipanda robo: kama filta safi ni 12, ngojeni 15. Mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko uliooshwa jana.

Mchanga ukiendelea kuja kila siku, basi kimevunjika kimoja kati ya vile vidole vya plastiki vyenye nyufa nyembamba vilivyo chini ya tangi. Itabidi mchanga wote utolewe, kwa kikombe na kwa mkono. Jazeni maji hadi nusu ya tangi kabla ya kurudisha mchanga ili usivivunje vingine ukianguka, na zibeni mdomo wa bomba la katikati kwa mfuko. Wengi husahau mfuko, na kazi ya siku nzima huanza upya.

Mtoto amejisaidia bwawani wakati wa mafunzo. Wazazi wanataka tumwage maji yote. Ni lazima?
*Wasimamizi wa klabu ya kuogelea, Arusha*

Inategemea kinyesi kilikuwaje, samahani kwa wanaosoma wakinywa chai. Kwanza wote watoke.

Kikiwa kigumu, chotweni kwa neti au ndoo, msikivute kwa vakyumu. Hakikisheni klorini ni angalau 2 na pH haizidi 7.5, mngoje nusu saa pampu ikienda. Neti iachwe ndani ya maji hayo muda huohuo. Mnaweza kufungua.

Kikiwa cha kuhara, habari ni nyingine, kwa ajili ya kijidudu kinachoitwa kriptosporidiamu. Kina ganda gumu na huishi siku nyingi, zaidi ya wiki, kwenye klorini ya kawaida. Bwawa lisilo na stabilaiza linataka klorini 20 kwa muda wa saa 12 na dakika 45, pH isizidi 7.5. Likiwa na stabilaiza hadi 15, ni klorini 20 kwa saa 28. Ikizidi 15, badilisheni maji kwanza mpaka ishuke, au klorini hiyo itafanya kazi nusu nusu. Kwa lita 50,000, klorini 20 ni kilo 1.54 za unga wa 65%. Baadaye osheni filta, maji yake yaende nje yote, na mngoje klorini ishuke kabla ya kufungua. Kumwaga bwawa zima si lazima. Mtoto aliyeharisha akae nje ya maji wiki mbili baada ya kupona; mwambieni mzazi wake faraghani, si kwenye kundi la simu la wazazi.

pH yetu haishikiki. Tunatia asidi Jumatatu, Alhamisi imerudi 8. Maji ni ya kisima.
*Wakazi, Kileleshwa, Nairobi*

Maji mengi ya visima vya Nairobi yana bikaboneti nyingi, ndiyo ualkali, na huo ndio unaoivuta pH juu. Pimeni, hatutashangaa mkikuta 250. Kwa lita 50,000, lita moja hivi ya asidi hidrokloriki ya 33% hushusha ualkali kwa 10. Msitie yote pamoja. Tieni mpaka pH iwe 7.2, kisha elekezeni midomo ya kurudisha maji juu ili uso wa bwawa uchemke kwa mapovu. Hewa itaipandisha pH bila kuurudisha ualkali. Ikifika 7.8, tieni asidi tena. Endeleeni hivyo mpaka ualkali uwe 70 au 80. Ni kazi ya wiki kadhaa, na mkiongeza maji ya kisima yanayofidia mvuke, ualkali huingia nayo. Asidi kidogo itakuwa sehemu ya maisha yenu.

Nikishika ngazi ya chuma huku niko majini nasikia kama ganzi au kutekenywa. Wenzangu wanacheka.
*Msomaji, Tanga*

Usiingie tena, na usimruhusu mtu yeyote. Ganzi hiyo ni umeme. Zima swichi kuu ya pampu na taa za bwawa, toa fyuzi au funga kisanduku kwa kufuli, uandike tahadhari juu yake. Mara nyingi ni taa ya ndani ya maji iliyoingiza maji, au mota ya pampu ambayo waya wake wa ardhi umekatika. Mwite fundi umeme mwenye leseni, si fundi wa bwawa, na umtake mambo matatu kwa maandishi: swichi ya usalama inayokata kwa mkondo wa miliampia 30, ngazi na vyuma vyote vilivyo karibu na maji viunganishwe pamoja kwa waya wa shaba hadi kwenye ardhi, na taa ziwe za volti 12 kupitia transfoma. Swichi hiyo ina kitufe cha kujaribia. Akimaliza, kibonyeze mwenyewe mbele yake, na umeme usipokatika, kufuli ibaki palepale.